Askari anapofungua simu yako kwenye bariere, ni sheria gani imemtuma?

MAONI – Bunia, Ituri

Swali linalorudi mara nyingi kwenye laini ya wasikilizaji wetu siku hizi halihusu bei ya unga wala ubovu wa barabara ya Komanda. Ni hili: je, mwanajeshi ana haki ya kuniambia nifungue simu yangu, asome mesaji zangu na kutazama picha zangu? Wanaliuliza waendesha pikipiki, wanaliuliza wanafunzi, wanaliuliza wamama wanaotoka kununua mihogo upande wa Iga-Barrière. Lakini zaidi wanaliuliza ndugu zetu wakimbizi wa ndani, wadeplase kama tunavyosema hapa mjini, wa Kigonze na wa kambi nyingine. Redioni nina dakika mbili za kujibu kabla ya kupokea simu ya mtu mwingine. Hapa nina nafasi zaidi, basi nijibu vizuri, na niseme pia ninachofikiri mimi mwenyewe, maana haya ni maoni, si habari.

Jibu la Katiba ni fupi. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inasema kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi, pamoja na siri ya barua zake, ya simu zake na ya mawasiliano yake ya namna yoyote. Haki hiyo haiguswi isipokuwa katika hali zilizopangwa na sheria. Haisemi "isipokuwa kamanda akiamua". Haisemi "isipokuwa usiku". Inasema sheria.

Basi swali linageuka. Sheria iko wapi? Yule anayekuambia "leta telefone" ametumwa na karatasi gani? Nimelipeleka swali hili kwa wanasheria wa hapa mjini, nimesoma na mimi mwenyewe, na sijaona hata mstari mmoja unaompa askari wa bariere ruhusa ya kufungua simu ya mpita njia ambaye hashukiwi kosa lolote.

Watu wa mbali wanaweza kusema haya ni mambo madogo, askari anatazama simu dakika tano halafu anairudisha. Anayesema hivyo hajakimbia kijiji chake usiku. Kwa aliyekimbia, simu ndiyo sanduku la nyumba. Ndani yake kuna picha ya nyumba kabla haijachomwa na picha ya nyumba baada ya kuchomwa. Kuna picha za marehemu, zilizopigwa ili ndugu walioko Kampala au Kisangani waamini. Kuna namba ya shefu wa kijiji, namba ya muuguzi wa kituo cha afya, na grupu ya WhatsApp ya watu wa kijiji kimoja waliotawanyika katika kambi nne. Kuna Airtel Money au M-Pesa ambamo msaada wa pesa unaingia. Mara nyingi imo pia picha ya kadi ya uchaguzi, kwa sababu kadi zile za 2023 wino wake ulianza kufutika zikiwa mfukoni, na katika nchi yetu kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha mtu wa kawaida. Bila hiyo huandikishi hata laini ya simu.

Sasa mpe simu hiyo mtu mwenye bunduki ambaye hakujui. Picha ya nyumba iliyochomwa inakuwa "ulikuwa unafanya nini huko?" Picha ya maiti inakuwa "nani alikutumia?" Mesaji ya sauti kwa Kilendu, kwa Kihema au kwa Kinande, ambayo askari aliyetoka jimbo lingine haielewi, inakuwa sababu ya kukuweka kando. Na katika Ituri ya leo, jina lako na mahali ulipozaliwa vinatosha mtu akukisie kabila, na akishakukisia kabila anakukisia kundi la silaha. Wasikilizaji wanasimulia yanayofuata: mwenye elfu tano anatoa elfu tano na kurudishiwa simu yake, asiye nayo anakaa chini ya mti mpaka jioni. Sitaji bariere yoyote, maana wanaosimulia wanatoka barabara zote.

Turudi kwenye sheria, maana ugonjwa uko hapo. Miaka mingi tulikuwa na sheria ya simu ya 16 Oktoba 2002. Ilisema mawasiliano ni siri, kisha ikafungua milango miwili. Mlango wa kwanza: katika faili ya mahakama, mwendesha mashtaka mkuu wa Jamhuri angeweza kuamuru simu ya mtu isikilizwe na mazungumzo yaandikwe. Mlango wa pili: kwa usalama wa taifa, waziri wa mambo ya ndani angeweza kuruhusu simu zisikilizwe. Angalia vizuri nani anashika ufunguo. Mwendesha mashtaka ni upande mmoja wa kesi. Waziri ni mwanasiasa. Jaji asiye na upande, ambaye angeuliza "kwa nini mtu huyu, kwa siku ngapi, na mna ushahidi gani?", hakuwekwa mlangoni. Sheria mpya ya mawasiliano ya 25 Novemba 2020 ilikuja kuchukua nafasi ya ile ya zamani, nayo inarudia kwamba mawasiliano ni siri, nayo inaacha nafasi kwa uchunguzi na kwa usalama wa taifa. Lakini sheria hizi zinazungumzia kunasa mazungumzo kupitia makampuni ya simu. Ya bariereni, ya mkono kwa mkono, hazikuyapangia utaratibu. Huko tumeachwa na tabia ya kila kamanda.

Juu ya hayo, sisi wa Ituri na ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini tuko chini ya utawala wa hali ya dharura, ule ambao kila mtu hapa anauita état de siège, tangu 6 Mei 2021. Katiba inasema hali hiyo ni ya siku 30, na mabaraza mawili ya bunge yanaweza kuiongeza siku 15, tena 15. Imeongezwa mara nyingi mpaka watu wameacha kuhesabu. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa anakwenda shule. Liwali wetu ni jenerali. Na tangu mwanzo, raia anayeshtakiwa kosa la jinai alipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, jambo ambalo kifungu cha 156 cha Katiba kinaliruhusu wakati wa vita au wa hali kama hii. Agosti 2023 wajumbe waliitwa Kinshasa kwenye meza ya mazungumzo kuhusu utawala huo, na tarehe 12 Oktoba 2023 Rais Tshisekedi akatangaza kwamba utalegezwa pole pole, mahakama za kiraia zikirudishiwa kazi yake. Tulishangilia mapema kidogo.

Unganisha sasa. Anayekukamata ni mwanajeshi. Anayefungua simu yako ni mwanajeshi. Anayefungua faili ni mwendesha mashtaka wa kijeshi, na anayekuhukumu amevaa sare ileile. Hata kama kila mmoja wao ni mtu mwema, na wako wema ninaowafahamu, hakuna mtu wa nje ya nyumba yao anayetazama kama simu ile ilifunguliwa kwa haki. Vijana 12 wa LUCHA walikamatwa Beni Novemba 2021 kwa sababu ya kuandamana kuupinga utawala huo, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifungo cha miezi 12. Hawakuwa na silaha. Walikuwa na mabango.

Najua nitajibiwa nini. Nitaambiwa: ndugu mwandishi, nchi iko vitani, ADF wanachinja watu Irumu na Mambasa, CODECO waliingia kambi ya Plaine Savo usiku wa 1 Februari 2022 na kuua wakimbizi zaidi ya 60, na wewe unakuja kutuambia habari za siri ya simu? Wauaji wanatumia simu. Wana watu wao mjini wanaowaambia ni wapi jeshi limelala.

Ni kweli kabisa. Ndiyo maana sidai simu za wauaji zisisikilizwe. Zisikilizwe, na kesho kuliko keshokutwa. Tena ningependa tuulize kwa nini baada ya miaka yote hii ya kufungua simu za wauza mihogo bado vijiji vinashambuliwa bila onyo. Yule anayepanga shambulio hapiti bariereni na mpango wake kwenye WhatsApp. Anapita porini.

Na hapa ndipo jambo linaloninyima usingizi, kuliko hata ile elfu tano. Katika jimbo hili, maisha ya watu yanaokolewa na simu ya raia. Mama anayerudi kutoka shambani anaona nyayo nyingi karibu na kisima. Mvuvi anaona watu asiowajua wanavuka mto saa kumi na moja asubuhi. Mmoja anapiga simu kwa shefu, shefu anapigia kituo cha jeshi, kengele ya kanisa inalia, watu wanatoka. MONUSCO ilijenga juu ya jambo hilo hilo mitandao ya tahadhari vijijini: watu waliochaguliwa, wenye simu na namba za kuita. Hakuna ndege isiyo na rubani inayomfikia mama aliyeona nyayo.

Lakini mama huyo akiogopa simu yake mwenyewe, hapigi. Baba mmoja kutoka upande wa Djugu aliniambia hivi, nje ya maikro: "Jirani yangu aliita kwa telefone, akasema ameona batu na silaha. Bakamuuliza alijua namna gani. Alilala kasho siku tatu. Sasa mimi nikiona, ninachukua batoto yangu na ninakimbia." Alikuwa anacheka kidogo akisema hivyo, namna watu wanavyocheka hapa kwetu wakisema mambo yasiyochekesha. Fikiria watu wangapi wanafanya kama yeye. Wanafuta picha. Wanatoka kwenye grupu ya kijiji. Wananunua simu ndogo ya vitufe kwa ajili ya safari na kuacha ile kubwa kwa shemeji. Na mwandishi kama mimi nikiwapigia kuuliza kama ni kweli kijiji kimeshambuliwa, wananiambia "hapa ni salama, papa", na sauti inatetemeka.

Kwa hiyo wanaosema ni lazima tuchague kati ya usalama na siri ya simu wanatuuzia biashara mbaya. Upekuzi usio na sheria umevunja kengele yenyewe. Adui amebaki na simu zake, na sisi tumezima zetu.

Wazee wetu hawashangai. Waliokuwa watu wazima wakati wa Mobutu wanakumbuka CND, kisha AND, kisha SNIP. Majina yalibadilika, watu walinong'ona vilevile. Siku hizo hapakuwa na haja ya simu, masikio ya bar yalitosha. ANR ya leo inaongozwa na dekreti-sheria ya 11 Januari 2003. Kumbukeni tarehe hiyo. Hatukuwa na bunge lililochaguliwa, hatukuwa na Katiba ya 2006, nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita, na maandishi yale yalipata nguvu kwa sahihi ya rais. Ndani yake imo kanuni kwamba mtumishi wa ANR hahojiwi na mwendesha mashtaka bila ruhusa ya mkuu wake. Maana yake, ukinyanyaswa na mtu wa idara hiyo, anayeamua kama utapata haki ni bosi wa aliyekunyanyasa. Mwaka 2019, alipoingia madarakani, Rais Tshisekedi aliamuru kasho za ANR zifungwe, na watu wengi tulimsifu, mimi nikiwa mmoja. Lakini amri ya rais inaweza kusahauliwa na rais huyohuyo au na anayemfuata. Maandishi ya 2003 hayakuguswa.

Na tusisahau kwamba serikali ina mkono mwingine mrefu zaidi ya kusikiliza: kuzima. Baada ya uchaguzi wa 2011 mesaji za SMS zilikatwa nchi nzima, hata viziwi waliokuwa wanategemea mesaji kuongea na familia zao wakaachwa gizani. Januari 2015 intaneti ikakatwa wakati wa maandamano ya sheria ya uchaguzi. Kuanzia 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ilizimwa karibu wiki tatu. Kila mara tuliambiwa ni kwa ajili ya utulivu. Kila mara hakuna jaji aliyeulizwa kabla.

Kuna hadithi moja tuliyoshinda, na inastahili kukumbukwa kwa sababu tunasema sana kwamba hapa Congo hakuna kinachobadilika. Ni RAM. Kila mtu anaikumbuka. Kuanzia Septemba 2020 simu zote ziliandikishwa kwa namba zake za ndani, na inite zako zikakatwa kidogo kidogo bila kuulizwa: dola moja kwa mwaka kwa simu ya vitufe, dola saba kwa simu ya intaneti. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu, ili simu ikiibiwa ijulikane. Sijawahi kukutana na mtu aliyerudishiwa simu yake kwa RAM. Watu walipiga kelele sokoni, kanisani, redioni. Wabunge wakamwita waziri. Na mwanzoni mwa 2022 ikafutwa. Tulikasirika kwa sababu ya inite, nakubali. Lakini orodha ilikuwa ni orodha pia: simu gani iko mkononi mwa nani. Pesa zilipokoma kukatwa hasira ikaisha, na swali la orodha ile inalindwa na nani tukalisahau.

Wakimbizi wa ndani wako kwenye orodha nyingi kuliko sisi sote. Kuna ya kambi, ya chakula, ya pesa, ya turubai, na mara nyingine alama za vidole juu yake. Anayetoa kidole ili apewe unga hajaulizwa kwa kweli kama anakubali. Kodi ya dijitali ya 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya ulinzi wa habari za binafsi. Ni jambo jema. Tuonyeshwe basi mtu wa kambini akitaka kulalamika anagonga mlango gani hapa Bunia.

Kodi hiyohiyo ina upande mwingine. Kifungu cha 360 kinasema anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwa mitandao ya kijamii anafungwa mwezi mmoja hadi sita na kutozwa faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, au moja ya adhabu hizo. Soma tena neno "kusambaza". Mama aliyepokea mesaji kwenye grupu na kuituma kwa dada yake ili amwonye, naye amesambaza. Nani anaamua kwamba habari ni ya uongo, siku ile kijiji kinawaka na msemaji wa jeshi anasema hali ni shwari?

Wenzetu waandishi walishaonja. Stanis Bujakera alikamatwa uwanja wa ndege wa N'djili tarehe 8 Septemba 2023, simu zake na kompyuta yake vikachukuliwa, kwa sababu ya makala ya Jeune Afrique juu ya kifo cha Chérubin Okende, ambayo haikuwa hata na jina lake. Kesi nzima ilizunguka juu ya simu: nani wa kwanza alituma karatasi ile iliyodaiwa kuwa ya ANR, kwa Telegram au kwa WhatsApp. Mwendesha mashtaka aliomba miaka 20. Machi 2024 alihukumiwa miezi sita, aliyokuwa ameshaikaa gerezani Makala, akatoka. Huyo ana jina kubwa na dunia nzima ilipiga kelele kwa ajili yake. Mwandishi wa Mahagi au wa Aru angepigiwa kelele na nani?

Kisha Januari 2025 waziri wa sheria wa wakati ule, Constant Mutamba, akatangaza kwamba mwanasiasa, mwandishi au mtu wa shirika la raia atakayeeneza shughuli za jeshi la Rwanda na za M23 atakutana na ukali wa sheria, mpaka adhabu ya kifo. Nilisoma ujumbe ule nikijiuliza "kueneza" ni nini. Nikisema hewani kwamba barabara fulani imeshikwa na waasi, ili familia zinazokimbia zichukue barabara nyingine, nimeeneza? Wanaonisikiliza kwenye kambi hawataki propaganda ya mtu. Wanataka kujua watoto wapite wapi.

Wako wanaoniambia: kwa nini unaikosoa serikali na huwasemi M23 walioshika Goma na Bukavu? Nawasema. Waliokimbia kutoka huko tangu Januari na Februari 2025 wanajua kwamba mtu wa huko hana hata kifungu cha kuonyesha, atamwonyesha nani? Sisi upande huu tunacho kifungu cha 31. Ndiyo tofauti yetu na wao, na serikali ikikitumia kama pambo inatunyang'anya tofauti hiyo yenyewe.

Basi ninadai nini? Kwanza jaji. Simu ya raia isifunguliwe na isisikilizwe bila karatasi iliyosainiwa na jaji wa kiraia, yenye jina, sababu na idadi ya siku. Kama ni dharura ya kweli, watu wanavamiwa sasa hivi, basi afisa afungue kwanza na aeleze mbele ya jaji katika saa 48. Muda huohuo Katiba, kifungu cha 18, inautoa kwa mtu aliyekamatwa, kwa hiyo hakuna atakayesema hauwezekani. Bariereni, askari atazame kadi na mzigo, simu aiache mfukoni mwa mwenyewe. Hilo halihitaji hata bunge. Kamanda mmoja anaweza kuliandika kesho asubuhi.

Halafu mtu aambiwe. Uchunguzi ukiisha bila kosa kuonekana, aliyesikilizwa ajulishwe kwamba alisikilizwa, ili aweze kulalamika. Wengine wanacheka wakisikia hili, wanasema ni ndoto ya wazungu. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini, nchi ambayo askari wake tumewaona hapa mashariki ndani ya MONUSCO, ilisema sheria yao ya kusikiliza simu inavunja katiba, mojawapo ya sababu ikiwa hiyo: haikumjulisha mtu baadaye. Kesi ililetwa na waandishi wa amaBhungane pamoja na Sam Sole, mwandishi ambaye simu zake zilikuwa zimesikilizwa. Mahakama ikataka pia ulinzi wa pekee kwa mawakili na waandishi, na ikalipa bunge miaka mitatu kurekebisha. Na sisi tuna mlango huo: kifungu cha 162 cha Katiba yetu kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Katiba kupinga sheria inayoivunja. Mawakili wa Bunia, nawatazama ninyi.

Maandishi ya ANR ya 2003 yaandikwe upya na bunge lililochaguliwa, na ile kanuni ya ruhusa ya bosi itoke. Kifungu cha 360 kibaki kwa mwongo anayejua kwamba anadanganya na anayetaka kudhuru, kimwachie mama aliyemwonya dada yake. Na kila mara bunge linapoongeza siku 15 za état de siège, liletewe hesabu mezani: raia wangapi wamekamatwa, wangapi wamefikishwa mbele ya jaji, wangapi wameachiliwa bila kosa. Siku 15 ziliwekwa ili watu wafikiri kila mara. Kupiga kura kwa mazoea si kufikiri.

Mpaka hayo yafike, nawapa wasikilizaji ninachowaambia hewani. Bariereni usibishane na bunduki. Uliza kwa upole ni kwa amri ya nani, shika sura, saa na mahali, na ukifika salama andika. Ndugu akikamatwa, familia ianze kuhesabu saa tangu saa ya kwanza. Saa 48 zikipita bila kufikishwa mbele ya sheria, nenda kwa mawakili au kwa shirika la raia la mtaa wako na useme saa, si "siku nyingi". Na kwa ndugu zetu wanajeshi, ambao wengi wanasikiliza redio yetu usiku wakiwa kazini: kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kwamba inavunja sheria. Kimeandikwa kwa ajili yenu pia, na simu zenu nazo zinafunguliwa na wakubwa wenu, mnatuambia wenyewe.

Wabunge wa Ituri wanarudi nyumbani kila kikao kinapofungwa, 15 Juni na 15 Desemba. Kabla hawajatupa kofia na tisheti, tuwape karatasi. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa viongozi, peke yake au pamoja na wengine, na hakisemi lazima liwe kwa Kifaransa wala lipigwe kwa mashine. Walioko Kigonze ambao wangependa kuandika yaliyowapata lakini hawana wa kuwaandikia, wafike Jumamosi baada ya programu ya mchana. Wenzetu wawili watakaa na daftari, mmoja kwa Kiswahili, mmoja kwa Kifaransa. Majina tutayaacha kwa anayetaka kuyatoa, na simu mnaweza kuziacha nyumbani.